Ukuta wa mifuko unaanguka kila Novemba: mwongozo kamili wa kulinda nyumba ya mlimani Bukavu

Kiangazi kikikaribia kwisha, watu wa Kadutu, Bagira na Panzi, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, hujaza mifuko udongo, huipanga nyuma ya nyumba na kupumua. Novemba ikifika, mifuko imepasuka, ukuta umelala na matope yako jikoni. Mwaka unaofuata mtu anaongeza mifuko, na unaanguka tena. Kisha linakuja swali lilelile: "Niweke mifuko mingapi ili usianguke?"

Idadi ya mifuko si tatizo. Ukuta unasukumwa na maji yaliyokosa njia nyuma yake. Ndiyo maana katika mwongozo huu ukuta ni hatua ya sita. Ukiziruka tano za kwanza, weka kabisa pesa ya kujenga tena mwakani.

## Kabla ya kununua chochote

Kazi hii inafaa nyumba ya mbao au ya matofali iliyokatiwa kiwanja mlimani, ikiwa ukingo wa udongo nyuma yake hauzidi mita 2 hivi. Haifai mahali ambapo mlima mzima unatembea, kama mtaa wa Funu. Kule udongo unaoteleza uko chini sana, na mifuko juu yake inaongeza uzito tu.

Chimba Julai na Agosti, udongo ukiwa mkavu. Mifereji ya bati iwe juu kabla ya katikati ya Septemba. Majani yapandwe Oktoba, mvua ikishazoea.

## Vifaa

- Jembe, chepeo, piki na mtalimbo
- Kamba, vigingi na metre ya fundi
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mita 10 (nivo ya maji)
- Mifuko ya mchele au ya sukari ya kilo 50. Kwa ukuta wa mita 5 wenye kimo cha mita 1, hesabu 70 hivi
- Mchanga wenye kokoto ndogo, na mawe ya ngumi moja hadi mbili
- Tiyo (mabomba) za plastiki za sentimita 5 hadi 10, vipande vya nusu mita
- Gutiere (mfereji wa kukinga maji ya paa) na pipa
- Gogo zito la kushindilia
- Bashi (turubai) moja nzima, isiyo na matundu
- Miche ya vetivere (nyasi yenye mizizi mirefu), au matete

Simenti haimo kwenye orodha kwa makusudi. Udongo mwekundu wa kwetu, ule unaonata, hauchanganyiki nayo vizuri, na wengi wamemwaga mifuko ya simenti ndani yake bure. Pesa hiyo ipeleke kwenye gutiere.

## Hatua ya 1: Soma mlima mvua ikinyesha

Chukua mwavuli na vigingi, utoke nje mvua ikiwa inanyesha. Nusu saa ya kutazama maji yanavyotembea inafundisha kuliko siku nzima ya kubahatisha kiangazini. Kama ni kiangazi tayari, fuata alama: vijito vilivyochimbika, mizizi iliyobaki uchi, mstari wa matope ukutani.

Tafuta maji ya aina tatu. Ya kwanza ni yale yanayotoka juu: njia ya miguu inayopita juu ya parsele (kiwanja) yako inaweza kukuletea maji ya nyumba kumi. Ya pili ni ya paa lako mwenyewe. Ya tatu yamejificha ndani ya udongo, na yanatoka kwenye bomba linalovuja, choo cha shimo au chemchemi. Ukiona sehemu yenye unyevu mwezi wa Agosti, hiyo si mvua. Tafuta bomba.

Hatari. Tazama dalili hizi kabla ya kugusa jembe: ufa uliopinda juu ya ukingo, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unagoma, miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi mpya, au chemchemi ya zamani iliyoanza kutoa maji ya matope. Piga kigingi kimoja kila upande wa ufa na upime nafasi kati yao kila wiki, na baada ya kila mvua kubwa. Nafasi ikiongezeka, acha kuchimba. Mweleze shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), na watoto walale kwingine. Ufa usioongezeka uzibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili maji yasipate mlango.

Umefaulu ikiwa una karatasi yenye mchoro wa parsele na mishale inayoonyesha maji yanaingia wapi na yanatoka wapi.

## Hatua ya 2: Amua maji yataishia wapi

Hapa ndipo wengi wanashindwa, na si kwa sababu ya kuchimba. Mtu anatengeneza mtaro mzuri kabisa unaoishia kwenye ukingo wa jirani. Mvua ya kwanza, unasikia sauti ya mama kutoka chini: "Papa, mayi yako iko inaniingilia mu nyumba!" Ana haki. Umehamisha tu tatizo, na siku ukuta wake ukianguka, udongo unaobeba nyumba yako utamfuata.

Sehemu nzuri ya kutolea maji ni kanivo (mfereji wa barabara) ya avenyu, mwamba mtupu, au kijito kinachoshuka kwenye mto Kahwa au Wesha. Sehemu mbaya ni njia ya miguu, choo cha mtu, na kichwa cha erozio (korongo linalochimbwa na maji) iliyokwisha kuanza. Hiyo ya mwisho inawavutia watu sana, maana shimo tayari liko. Maji yako yatalipandisha shimo hilo kila mwaka mpaka lifike kwenu.

Waite walio juu na walio chini, mkae pamoja na shefu wa avenyu, mwonyeshane mchoro. Mkikubaliana, andikeni karatasi, kila mmoja aweke sahihi, na shefu abaki na nakala. Mpangaji anaondoka na mwenye parsele anauza, karatasi inabaki. Mkiweza, mtaro wa pamoja uchimbwe siku ya salongo (kazi ya pamoja ya mtaa). Familia tano zikichimba mtaro mmoja mrefu, ni nafuu kuliko kila moja kuchimba wake mfupi usiofika popote.

Umefaulu ikiwa unaweza kutembea kwa miguu kutoka juu ya parsele hadi mahali maji yanapoishia, bila kuvuka kiwanja cha mtu asiyejua habari.

## Hatua ya 3: Kamata maji ya paa

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 40 ikipiga, linamwaga lita 1,600, yaani bidoni (madumu) 80 za lita 20. Bila gutiere, bidoni hizo zote zinadondoka kwenye mstari mmoja, chini ya manjanja (mabati ya paa), pale pale msingi wako ulipo.

Funga gutiere upande wa mlima kwanza, hata kama pesa inatosha upande mmoja tu. Mwinuko wake ushuke sentimita 1 kwa kila mita 2, kuelekea kwenye pipa. Pipa likae juu ya mawe, upande wa bonde wa nyumba au pembeni, kamwe lisiwe juu ya ukingo: pipa lililojaa lina uzito wa kilo 200. Toboa karibu na mdomo wake, utie tiyo, ili maji yanayozidi yafuate mtaro badala ya kumwagika hapo. Maji yenyewe yanafaa kufulia na kuoshea vyombo, na hiyo ni safari kadhaa za bomba umeziokoa.

Umefaulu ikiwa baada ya mvua udongo chini ya paa hauna mstari wa vishimo.

## Hatua ya 4: Chimba mtaro wa juu

Mtaro huu unakamata maji kabla hayajafika ukingoni. Uchimbe angalau mita 2 nyuma ya ukingo, upana wa sentimita 40 juu na 30 chini, kina cha sentimita 30. Udongo unaoutoa uweke upande wa nyumba, uushindilie, uwe tuta.

Sasa kosa kubwa. Wengi wanaiga mitaro ya shambani, ile ya usawa kabisa ambayo agronome (bwana shamba) anawaonyesha wakulima. Shambani mtaro ule unatakiwa ushike maji yazame, mihogo inywe. Nyuma ya nyumba, maji yanayozama juu ya ukingo ndiyo yanayouangusha. Mtaro wako lazima uteremke.

Lakini usiteremke sana. Sentimita 1 kwa kila mita inatosha. Ukizidi hapo, maji yanapata mbio na kuuchimba mtaro wenyewe, na umezaa erozio kwa mkono wako.

Pima kwa nivo ya maji. Jaza mpira maji, hakikisha hakuna mapovu ndani, shika ncha moja kwenye kigingi cha kwanza na nyingine kwenye kigingi kilicho mita 5 mbele. Maji katika ncha mbili yako usawa mmoja daima. Weka alama hapo, kisha kwenye kigingi cha pili shuka sentimita 5. Huo ndio mteremko wa mtaro wako. Endelea hivyo hadi mwisho. Usitumie jicho: mlimani jicho linadanganya, na nimeona mafundi wazoefu wakichimba mtaro unaopanda huku wakiapa unashuka.

Je, ukubwa huo hauzidi? Unaonekana mkubwa siku ya kwanza. Nusu yake itajaa udongo, majani na chupa za plastiki kabla ya Krismasi. Tena usipime kwa mvua ya wakati wa babu. Hewa ikipata joto la digrii 1 zaidi huweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi, na mvuke huo ukishuka unashuka kwa pamoja. Idadi ya siku za mvua inaweza kubaki ileile, mvua yenyewe ikawa nzito zaidi. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, kaskazini mwa Bukavu, mvua ya siku moja ilishusha matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Kwa mvua ya namna ile mtaro hauokoi mtu. Kinachookoa ni kuondoka mapema, na hilo liko hatua ya 8.

Umefaulu ikiwa unamwaga bidoni moja juu, maji yanatembea taratibu hadi mwisho, na hakuna dimbwi linalobaki katikati.

## Hatua ya 5: Shusha maji kwa ngazi

Mtaro ukifika pembeni ya parsele, maji lazima yashuke mlima. Hapa ndipo yana nguvu. Tengeneza ngazi za mawe, kila moja ikiwa na kimo kisichozidi sentimita 30, na kwenye kila ngazi panga mawe bapa mahali maji yanapoangukia. Mawe makubwa yakae chini, yaingie nusu ndani ya udongo. Pembeni za ngazi ziwe juu kuliko katikati, la sivyo maji yatazunguka mawe yako na kuyaacha yakining'inia.

Ukikosa mawe, mifuko iliyojazwa mchanga na kokoto inafaa kwa msimu mmoja au miwili.

## Hatua ya 6: Sasa jenga ukuta

Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo cha mita 1, yanausukuma kwa nguvu kama ya kilo 500 kwa kila mita ya urefu wake. Ukuta wa mita 5 unabeba tani mbili na nusu. Ukiupandisha hadi mita 2, msukumo hauongezeki mara mbili tu, unakuwa mara nne. Kwa hiyo usizidi mita 1. Ukingo ni mrefu? Jenga kuta mbili fupi kama ngazi, na mita 1 au zaidi ya udongo katikati. Zaidi ya hapo mwite injenia, usimwite fundi wa mifuko.

Chimba msingi wa sentimita 20 hadi 30, sakafu yake ikiinama kidogo kuelekea mlimani. Panga mawe chini.

Changanya udongo sehemu moja na mchanga wenye kokoto sehemu mbili. Udongo wa mfinyanzi peke yake ukilowa unateleza kama sabuni, na ukikauka unanywea na kuacha mianya. Jaza mfuko robo tatu tu. Huu ndio ugomvi wangu wa kila mwaka na vijana wa kazi, maana mfuko uliojaa unaonekana mzuri. Mfuko uliojaa ni wa mviringo, unagusa jirani yake sehemu ndogo tu, kisha unabingirika. Uliojazwa robo tatu unalala bapa na kushika wenzake. Kunja mdomo wake chini yake, usiufunge kwa kamba.

Mistari miwili ya kwanza ilaze mifuko kuelekea ndani, mgongo wa mfuko ukiangalia nje. Inayofuata ilaze kwa urefu wa ukuta, kila mfuko ukikaa juu ya maungio ya miwili ya chini, kama fundi anavyopanga matofali. Shindilia kila mstari kwa gogo hadi sauti ibadilike na kuwa kavu. Kila mstari urudi nyuma sentimita 2 hadi 3, ukuta uegemee mlima.

Unapopanda, jaza mawe na kokoto nyuma ya mifuko, upana wa sentimita 30. Usijaze udongo hapo. Tia tiyo za kutolea maji kila mita moja na nusu, kwenye mstari wa pili kutoka chini, zikiinama nje. Ncha ya ndani ifunikwe na mawe makubwa kidogo ili kokoto zisiizibe. Wamasoni wanaziita barbakani, na ukuta usio nazo usiukubali hata kama ni wa simenti.

Juu kabisa, funga ile nafasi ya kokoto kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, sentimita 15. Maji ya juu yasiingie. Yale ya ndani ndiyo yatoke.

Bado. Jua ndilo linaloua mifuko. Plastiki iliyofumwa ikipigwa na jua miezi kadhaa inakuwa unga, unaigusa kwa kidole inachanika. Ndiyo maana ukuta wa Agosti unapasuka hata kabla mvua haijawa kubwa. Uso wa mbele upake udongo uliochanganywa na majani makavu, na upande majani kati ya mifuko. Usiache mfuko wowote unaoonekana.

Umefaulu ikiwa saa moja baada ya mvua tiyo zinadondosha maji safi. Maji ya matope maana yake udongo unatoka nyuma ya ukuta: ongeza mawe madogo kwenye ncha ya ndani. Tiyo kavu wakati udongo umelowa maana yake imeziba. Izibue kwa fito.

## Hatua ya 7: Panda mizizi

Vetivere ni bora. Mizizi yake inashuka wima mita 2 hadi 3, haitambai kwenda kwa jirani. Panda miche kwa mstari wa usawa, sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche, mstari mmoja kwenye tuta la mtaro na mwingine juu ya ukuta. Usiache pengo, kwa sababu maji yatalitafuta. Matete yanakubalika, na yanalisha mbuzi.

Migomba, hapana. Najua iko kila parsele, na watu wanaamini inashika udongo. Mizizi yake haiendi chini, shina lake limejaa maji, na upepo ukiuangusha mgomba unang'oka na kipande cha ukingo. Uweke upande wa bonde wa nyumba. Mikaratusi mirefu nayo isikae ukingoni, kwa sababu uzito wake ukitikiswa na upepo unafungua nyufa.

## Hatua ya 8: Usiku wa mvua kubwa

Wote walale chumba cha upande wa bonde, mbali na ukuta wa mlima. Simu iwe na moto (imechajiwa), tochi karibu, viatu mlangoni, karatasi za parsele na za shule ndani ya mfuko wa plastiki. Mkubaliane mchana mtakimbilia nyumba ya nani. Njia iwe ya pembeni, isishuke moja kwa moja chini ya ukingo.

Ukisikia mngurumo, mbao zikialika, au maji ya mtaro yakikatika ghafla huku mvua inaendelea, toka. Maji yaliyokatika yameingia ufa au yamezibwa na udongo ulioshuka. Usiende kuzibua usiku.

## Hatua ya 9: Matunzo, na ukuta ukivimba

Zibua mtaro kila Jumamosi tangu Septemba hadi Mei, na asubuhi baada ya kila mvua kubwa. Mpe kijana mmoja kazi hiyo na jina lake lijulikane. Kazi ya wote haifanywi na mtu. Ziba mashimo ya panya kwenye tuta, pia paka upya uso wa ukuta kila Julai.

Ukiona ukuta umetoa tumbo, usiongeze mifuko juu na usiusukume kwa mbao. Angalia kwanza kama tiyo zinatoa maji, kisha kama mtaro wa juu umeziba, maana mara nyingi ni hivyo. Funika udongo wa nyuma kwa bashi, ncha yake ya juu ifukiwe nyuma ya mtaro ili maji yasipite chini yake. Hamisha watu wanaolala karibu. Subiri siku kavu kadhaa, kisha ushushe ukuta kuanzia mstari wa juu, mfuko kwa mfuko, usichomoe wa chini hata mmoja. Sehemu iliyovimba ijengwe upya kuanzia mawe ya msingi, na safari hii ongeza tiyo moja kila mita.